Paa Aliloshusha Mwanvua

Ramazani alikufa katika shimo la mgodi kule Salamabila, mwamba ulipowaangukia yeye na mwenzake, na kabla udongo wa kaburi lake haujakauka kapita, msimamizi wa kambi, alikuwa amesimama mlangoni, kofia kichwani, akimwambia mjane afunge vyombo.

"Nyumba ni ya mufanyakazi," alisema. "Sasa mufanyakazi iko wapi?"

Mwanvua alikuwa ameketi mkekani, amejitanda nguo nyeupe. Mjane wa Kiislamu hukaa eda katika nyumba aliyoachwa na mumewe, miezi minne na siku kumi, na hatoki ila kwa jambo lisilo budi. Alimweleza kapita hivyo kwa adabu, kwa sauti ya chini. Kapita alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kampuni haina eda. Kampuni ina wachimbaji wapya waliotoka Wamaza, wanalala chini ya lori na mvua inawanyeshea.

Hapo ndipo hasira ilipomwingia. Zamani alikuwa mtu wa kucheka. Kambini walimjua kwa kicheko chake kabla hawajamjua kwa sura. Siku ile hakulia wala hakupiga kelele. Alifunga sufuria, mkeka, kinu na nguo za marehemu, akamshika mkono binti yake Aziza, aliyekuwa ndiyo kwanza anaota meno mapya ya mbele, akapanda lori la pamba. Lori liliwapitisha Kabambare na kuwatupa Kasongo jioni ya siku ya pili, wamekuwa wekundu kwa vumbi kama matofali.

Kasongo ndiko alikozaliwa. Lakini nyumba ya baba yake, mzee Lukumani, haikuwapo tena. Leta, kama watu walivyoiita serikali ya Wabelgiji, ilikuwa imenyosha barabara, na barabara iliponyoshwa ikapita sebuleni kwa mzee Lukumani. Aliyebaki ni kaka yake Assumani, muuza chumvi na kaniki, mwenye vyumba viwili, wake wawili na watoto wasiokwisha kuingia na kutoka. Assumani alimpokea dada yake kwa machozi ya kweli. Akamlaza jikoni, karibu na mafiga.

"Vumilia kidogo, dada yangu," alimwambia. "Mungu ni mukubwa."

Jiko lile halikuwa na ukuta upande mmoja. Mbuzi waliingia walipotaka. Wake wa Assumani hawakuwa watu wabaya, ila kila asubuhi walimkuta Mwanvua amelala pale wanapotaka kuwasha moto, na kila asubuhi mmoja wao aliguna. Mguno si tusi, huwezi kuushtaki kwa mtu. Mwanvua aliusikia mchana kutwa. Akaanza kutwanga mchele uliolowekwa na kukaanga vitumbula kwa mafuta ya mawese, akavipeleka sokoni, na baada ya muda mfupi wafanyakazi wa kiwanda cha pamba walikuwa wakivitafuta vyake kwa jina. Alipoona biashara imeshika, alimwambia kaka yake anataka chumba cha kupanga.

Assumani alishangaa. "Chumba? Wewe peke yako? Mie nilikuwa nafikiri habari ya mzee Atumani wa Nyangwe. Anatafuta muke wa tatu."

"Natafuta chumba, yaya," alisema, akimwita kaka mkubwa kwa neno la kwao. "Sikusema natafuta bwana."

Basi akaanza kutafuta, na huo ndio mwaka aliousimulia maisha yake yote, kila mara akipandisha sauti palepale.

Kasongo haikuwa na uhaba wa vyumba. Hilo ndilo lililomchoma. Katika site, mtaa ambao Leta iliupima kwa kamba ili Waafrika wa mjini wakae, aliona milango imefungwa kwa kufuli na buibui wametanda dirishani. Alibisha kwenye nyumba moja ya matofali mabichi, imepakwa chokaa vizuri. Mwenye nyumba, mama mmoja mnene, alimwonyesha chumba, akamwonyesha hata mahali pa kuanikia nguo, akacheka na Aziza. Halafu akauliza:

"Na bwana yako atafika lini?"

"Bwana yangu alikufa."

Uso wa mama ukabadilika kama mtu aliyekanyaga kitu. "Ah, mama. Mie ningekupa. Lakini hapa kuna wababa wenye wake zao. Watasema nimeleta mwanamuke wa bure katika lupango yangu," alisema, akizungusha mkono kuonyesha kiwanja chake.

"Mie nauza vitumbula."

"Najua. Nilivikula. Ni vitamu sana," alisema yule mama, akafunga mlango.

Nyumba ya pili bei ilikuwa ya madereva na makarani, na mwenye nyumba hakuficha: msimu wa pamba ukifika, wageni wa kampuni hulipa bila kuuliza, kwa hiyo yeye huacha vyumba vitupu akiwangoja. Nyumba ya tatu ilikuwa ya mzee mmoja wa heshima, mwenye alama ya sijida kwenye paji la uso. Alimkaribisha, akamnywesha chai. Akasema chumba kipo, na kwa mjane kama yeye hataki hata pesa. Ni kuelewana tu, akasema, huku akimtazama Mwanvua mabegani. Mwanvua alikuwa na kikombe mkononi. Chai ilikuwa bado ya moto. Alimmwagia miguuni, akaweka kikombe chini taratibu kisivunjike, maana kikombe hakikuwa na kosa, akatoka. Siku iliyofuata mji mzima uliambiwa kwamba binti Lukumani ana kichaa cha Salamabila.

Mwishoni alikwenda ofisi ya site. Alisikia kwamba Leta yenyewe ina vijumba vya kupangisha, bei nafuu, nyuma ya soko. Alipanga foleni tangu asubuhi. Karani alipofika kwake hakuinua kichwa.

"Jina la bwana?"

"Hakuna. Mie ni mujane."

Sasa karani alimtazama, toka kitambaa cha kichwa hadi miguu. "Mujane ni muzee. Mwenye miaka yako ni mwanamuke huru. Nitakuandika pale, utalipa kodi ya wanawake wasio na bwana, na nyumba za Leta hazipewi hao. Ni za watu wa ndoa."

"Kwa hiyo nilipe kodi sababu sina bwana, na nikose nyumba sababu sina bwana?"

"Sikuandika sheria, mama."

"Lakini unaisoma vizuri sana."

Watu wa foleni walicheka. Karani alimwonyesha mlango. Mwanvua alitoka, akakaa kwenye ngazi ya ofisi. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akatoka naye, akaketi kando yake bila kuombwa. Alikuwa mrefu, amevaa rozari shingoni, na miguu yake ilikuwa na nyufa za mtu wa shamba.

"Mie hata mujane siko," alisema. "Bwana yangu alikwenda Bukavu na mwanamuke mwingine. Mapadri wananiambia ndoa ingali ndoa. Kwa hiyo niko na bwana kanisani, na ofisini sina. Nyumba za misioni wananinyima sababu niko peke yangu. Za hapa, umesikia mwenyewe."

Jina lake lilikuwa Odile. Alishona nguo za watoto kwa mkono, sindano na uzi tu. Walikaa pale wakitukana. Walimtukana karani, wakamtukana kapita wa Salamabila, wakamtukana yule bwana wa Bukavu na viatu vyake viwili vyeupe ambavyo Odile ndiye aliyevinunua. Jua lilipokuwa kali walikuwa wameshakubaliana kutafuta nyumba pamoja.

Aliyewapa nyumba ni Théophile, karani wa kampuni ya pamba. Mwanaume wa makamo, safi, kaptula imepigwa pasi hadi inakata, mtu aliyesifiwa na Wazungu kwa Kifaransa chake. Mwisho wa lupango yake, kule maji ya mvua yanakotuama, palikuwa na magofu: kuta nne zilizoinama, fito zimeliwa na mchwa, paa limeanguka ndani na mti wa mpapai umeota katikati ya chumba. Aliwapeleka, akaonyesha kwa kidole, yeye mwenyewe asikanyage tope.

"Kama munaweza kuijenga, kaeni," alisema. "Mutanilipa kidogo tu kila mwezi. Muko wamama wenye shida, mie siwezi kuwasumbua. Jengeni vizuri, mukae hata miaka mitano. Bei sitaigusa."

"Unasema mbele ya mashahidi?" aliuliza Mwanvua.

"Nasema mbele ya Mungu," alisema Théophile.

Assumani alikuwapo, kwa sababu ofisi ilitaka jina la mwanaume na jina lililoandikwa lilikuwa lake. Alitikisa kichwa kuridhia. Wakashikana mikono, wale wanaume wawili.

Wanawake walijenga kiangazi kizima. Waliukata mpapai, wakatoa paa bovu, wakaenda msituni kukata fito na kuzibeba kichwani. Walikanyaga udongo kwa miguu yao, Aziza katikati akiimba, wakaukandika ukutani kwa viganja hadi kucha zikaisha. Nyasi za paa walizinunua mafungu machache kutoka kwa wanakijiji, nyingine wakazikata wenyewe. Mlango Mwanvua aliutengenezesha kwa seremala, mbao ngumu na bawaba za chuma, na alilipa kwa hereni alizovalishwa na Ramazani siku ya ndoa. Odile alimwambia aache, wataweka mkeka tu mlangoni.

"Hapana," alisema Mwanvua. "Mie nataka kitu cha kufunga. Mutu akija abishe."

Waligombana pia. Odile alipenda nyama ya nguruwe, na mara ya kwanza alipoileta Mwanvua alitoka nje akalala kwa kaka yake siku mbili. Ikabidi wagawane vyungu na mafiga, na Odile akawa anapikia nguruwe wake nyuma, upande ambao upepo hauleti harufu. Walikuwa wakigombana na kupatana kabla chakula hakijaiva.

Siku paa lilipokamilika, Mwanvua alivaa nguo nyeupe, akaingia ndani, akafunga mlango. Mwalimu wa msikitini alikuwa amemwambia kwamba muda wa eda yake umekwisha pita, hana deni kwa mtu. Alijua. Lakini alikuwa amemlilia Ramazani kwenye lori, jikoni kwa watu, sokoni kati ya wateja, na wakati wote huo hakuwahi kukaa mahali akalia bila mtu kumwambia sogea. Alikaa ndani siku tatu. Odile aliuza vitumbula kwa niaba yake, akavikaanga vibaya, hakuna aliyelalamika.

Mvua za kwanza zilipita, nyumba haikuvuja. Kabla mvua hazijakwisha, Théophile alikuja. Safari hii alikanyaga mpaka ndani. Aligonga ukuta kwa vidole, akafungua na kufunga mlango, akaangalia juu.

"Kazi nzuri sana," alisema. "Kweli, mumenishangaza."

Kisha akaeleza, Kifaransa kidogo na Kiswahili kidogo, kwamba kuna dereva wa kampuni anahamia kutoka Kindu na mke wake, na dereva huyo atalipa mara nne ya wanacholipa wao. Kama wao wanaweza kulipa hivyo, nyumba ni yao. Kama hawawezi, dereva anafika mwisho wa mwezi.

Odile alishika rozari. Mwanvua aliuliza polepole, "Bwana Théophile, ulisema miaka mitano."

"Nilisema nyumba ile. Ile ilikuwa magofu, mama Aziza. Hii ni nyumba nyingine. Nyumba nyingine, bei nyingine." Alitabasamu, na alikuwa na tabasamu zuri, hilo lazima lisemwe. "Ni biashara tu. Musikasirike."

Mwanvua alimkimbilia kaka yake. Assumani alikuwa akipima chumvi. Aliendelea kupima alipokuwa akimsikiliza.

"Jina kwenye karatasi ni lako, yaya. Wewe ndiye ulimushika mukono. Nenda ukaseme."

"Nikaseme nini? Yule ni karani. Anakula pamoja na Wazungu. Kesho wakinyima lori linaloniletea chumvi ruhusa ya kupita, wewe utanilishia watoto?"

"Wewe ulisikia aliyosema."

"Nilisikia." Assumani akafuta mikono. "Kuna kusikia, Mwanvua, na kuna kujitia matatani. Mzee Atumani bado anauliza habari yako."

Mwanvua alimtazama kaka yake, mtu aliyembeba mgongoni akiwa mdogo kuvuka mito, na akaona kwamba hamchukii, na hilo likamkasirisha zaidi. Angependa kumchukia. Ingekuwa rahisi.

Aliporudi alimkuta Odile anakunja nguo. "Acha," alisema. "Hatutoki kama mbuzi. Alitupa kuta nne na mupapai. Nitamurudishia kuta nne. Mupapai atapanda mwenyewe."

Odile alielewa mara moja. "Watatufunga."

"Watanifunga mie. Sikiliza vizuri, Odile. Mutu mumoja lazima abaki inje sababu ya mutoto. Wakiuliza, utasema ni Mwanvua alikuongoza, wewe hukutaka. Utasema hivyo hata mbele yangu."

Walichagua Jumapili, baada ya misa, watu wakiwa wamejaa barabarani na nguo zao nzuri. Mwanvua alifunga khanga kiunoni, akapanda juu ya paa. Mji ule haukuwahi kuona mwanamke juu ya paa, mchana, mbele ya wababa. Alianza kileleni. Alikata kamba alizozifunga mwenyewe, akafungua mafungu, akayarusha chini moja moja, na Odile akayapanga kando kwa utaratibu, kwa sababu nyasi zile zilikuwa mali yao na wala hazikuwa takataka. Watu walisimama. Mwanzo walicheka. Kisha wanawake wawili watatu wa sokoni, waliojua habari yote, wakaweka vikapu vyao chini, wakaja kupokea. Hakuna aliyewaita. Mmoja alikuwa yule mama mnene wa nyumba ya chokaa. Mwanvua alimwona toka juu, akamwonyesha kwa mkono fungu la nyasi, wala hakumsalimu.

Fito zikashuka. Dirisha likatoka. Odile akang'oa bawaba kwa panga, na mlango ukalazwa juu ya majani kama mgonjwa.

Théophile alifika mbio, tai shingoni. Nyuma yake, barabarani, lori la dereva wa Kindu lilikuwa limesimama na godoro juu yake, na mke wa dereva akichungulia.

"Munaharibu nyumba yangu! Wazimu! Shuka!"

"Nyumba yako iko hapo," alisema Mwanvua kutoka juu ya ukuta, uso mweusi kwa masizi. "Kuta nne. Hesabu. Mie nachukua ile nyingine. Si ulisema ziko mbili?"

Watu walipiga ukelele. Hata baadhi ya waliotoka kanisani walipiga. Théophile aliinua mkono kumvuta mguu. Mwanvua akachukua bonge la udongo mkavu, lile alilolikanda kwa miguu yake, akalishika mkononi tu, bila kurusha, na Théophile akaushusha mkono wake. Dereva wa Kindu alimwangalia karani, akaziangalia zile kuta, akawasha lori akaondoka.

Polisi walimchukua Mwanvua kabla jua halijatua. Barazani, waamuzi wa site walimsikiliza Théophile kwanza, na kwa muda mrefu. Mwanvua alipotaja ahadi ya miaka mitano, waliuliza shahidi ni nani. Assumani alikuwa ameketi nyuma kabisa. Alisimama, akakohoa, akasema kwamba kulikuwa na maneno, ndiyo, lakini maneno gani hasa hakumbuki vizuri. Akaketi. Odile aliitwa. Alisema walivyopatana: Mwanvua ndiye aliyemwongoza, yeye hakutaka, alimwogopa. Alilisema vizuri mno. Sauti haikutetemeka, hata akaongeza kwamba Mwanvua ni mtu wa hasira tangu zamani. Mwanvua alijua ni mpango wake mwenyewe, na bado maneno yale yalimwingia kama mwiba, na kwa miezi mingi hakujua autoe vipi.

Akafungwa boloko, yaani jela. Kazi yake ilikuwa kufyeka majani kwenye bustani ya mkubwa wa teritware, Mbelgiji aliyeitawala wilaya, na kuteka maji ya wafungwa. Odile alikuja kila Alhamisi na Aziza, na chakula, na kila Alhamisi Mwanvua alimkumbatia mtoto, akapokea chakula, akamwambia Odile asante bila kumtazama. Mpaka mara moja Odile alishindwa.

"Uliniambia niseme!"

"Nilikuambia useme. Sikukuambia uongeze."

"Nani angeniamini kama sikuongeza? Walikuwa wananitazama kama mutu anatazama kuku!" Odile alikuwa akilia kwa hasira, chungu mkononi. "Mie nalala kwa jirani na mutoto wako, nashona mpaka macho yananiuma, na wewe unaninunia. Nenda huko!"

Akatupa chungu chini, kikavunjika. Mwanvua akatazama wali uliomwagika kwenye majani aliyoyafyeka, na kwa mara ya kwanza tangu Salamabila akacheka. Kicheko kilimtoka kwa nguvu, kibaya, kama mtu anayekohoa. Odile alimkodolea macho. Askari akaja kuuliza kuna nini.

Alipotoka hakuna mtu wa site aliyethubutu kumpangisha hata kibanda cha kuku. Lakini zile fito, nyasi na mlango Odile alikuwa amevificha kwa wanakijiji waliowauzia nyasi, kwenye njia ya Nyangwe, nje ya mpaka uliopimwa kwa kamba. Huko sheria ya ofisi haikufika. Ardhi ilikuwa ya kijiji. Shefu wao, mkuu wa kijiji, alitaka jogoo mmoja na kuwatazama machoni. Aliuliza watalima nini, na baada ya kujibiwa hakuuliza kingine. Walijenga vyumba viwili, wakaongeza cha tatu, kisha vingine upande wa pili wa uwanja, na wanawake wakaanza kufika: aliyeachwa, aliyefiwa, aliyekimbia kipigo. Mwanvua aliwapangisha kwa bei ndogo. Mtu asifikiri alikuwa mpole. Aliwafokea kwa uchafu, kwa kelele, kwa kuazimana kinu bila kurudisha, na mmoja alimfukuza kwa sababu ya ulimi wake, akamrudisha baada ya wiki. Kaka yake alipokuja kumwamkia siku za Idi, alimpa chakula cha kutosha na kiti uani. Ndani hakumkaribisha, na Assumani hakuomba.

Mwaka mmoja kabla ya uhuru, alifika mwalimu wa shule, Pierre, kijana wa tai na miwani, na mke wake mwenye mimba kubwa, Cécilia. Mjini bei zilikuwa zimepanda tena. Odile aliwaonea huruma, akamvuta Mwanvua pembeni.

"Ni watu wa ndoa. Watalipa vizuri. Na mimba ile, tazama."

"Hapa hatuweki wababa."

"Nani aliweka sheria hiyo?"

"Mie!"

"Basi wewe ni kama yule karani wa ofisi."

Waligombana hadi vitumbula vikaungua kwenye mafuta, moshi ukatanda uani, wapangaji wakatoka kuangalia. Mwalimu alikuwa amesimama na sanduku lake, hajui aweke chini au abebe. Mwishowe Mwanvua alimwendea, mkono umeshika mwiko.

"Chumba kipo," alisema. "Lakini wewe sikupangishi. Nampangisha yeye. Siku mukigombana, wewe ndiye unatoka. Umesikia?"

Pierre aligeuka kumtazama mkewe, labda akitegemea kwamba naye atachukizwa. Cécilia alikuwa ameshaingia. Walimsikia ndani akitembea polepole, akisukuma kitu, akikivuta.

"Mama," aliita kutoka chumbani, "hii dirisha haifungi."

"Inafunga," alisema Mwanvua kwa ukali. "Unaisukuma vibaya."

Akampa Odile mwiko, akaenda kutafuta nyundo.